Plagi Iliyokuwa Shingoni mwa Maksai

Siku niliyokabidhi funguo za karakana, wenzangu walinipikia pilau, wakanifunga kanga mpya mabegani, kisha wakaniomba niwaandikie mambo ya zamani. Nadhani walitaka tu nisilie mbele ya watu. Basi nimeandika. Sitawaeleza nilipanda cheo lini, maana cheo hakijawahi kunifungulia nati iliyoshika kutu. Nitawaeleza habari za plagi, kwa sababu ninyi siku hizi mnafungua boksi jipya, mnafunga, na zile za zamani mnazitupa kwenye ndoo bila hata kuziangalia usoni. Nilikuwa nikipita nyuma yenu naona, naumia, nanyamaza. Sasa nimestaafu, sinyamazi tena.

Niliingia karakana ya serikali pale Tarime miaka ya ujamaa, nikitokea kambi ya mafunzo nilikofundishwa kuendesha trekta na kufungua injini. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Walinipa ovaroli ambayo miguu yake ilifunika viatu, halafu wakakaa kimya waone nitafanyaje. Nikaikunja. Mchana mmoja wao akaniuliza kama nimewachemshia chai. Nikamwambia sijachemsha, ila kama yeye anakwenda kuchemsha, mimi yangu aitie sukari nyingi. Wakacheka wote, maana sukari yenyewe haikuwepo; duka la ushirika lilikuwa na chumvi na viberiti. Alichemsha yeye, tukainywa hivyo hivyo, na hakuna aliyeniuliza tena habari za chai.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Odhiambo, Mjaluo wa Shirati, ambaye alikuwa amefanya kazi miaka mingi ng'ambo ya mpaka na alirudi na Kiswahili cha huko pamoja na sanduku la spana ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Mfupi, mikono minene, na hakupaza sauti hata siku moja. Ukikosea alikuja kusimama karibu yako akashusha pumzi. Hiyo tu. Mimi nimetukanwa na watu wengi katika maisha yangu, lakini ile pumzi ya Odhiambo ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi.

Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kubadili plagi za Landrova ya petroli. Nikachukua spana nikaenda nayo moja kwa moja kwenye injini, nikasikia pumzi. Akanionyesha pampu ya baiskeli. Kwanza, akasema, puliza vumbi lote linalozunguka plagi, kwa sababu ukiifungua na vumbi lipo, vumbi litaingia kwenye silinda, na litasaga kuta za silinda kila pistoni inapopanda na kushuka. Barabara zetu mnazijua. Lile vumbi jekundu la Tarime likichanganyika na oili linakuwa msasa. Pili, usichomoe waya zote kwa pamoja. Chomoa moja, maliza plagi yake, rudisha, ndipo uende ya pili. Nimeona mafundi wenye miaka kumi kazini wakizunguka gari asubuhi nzima wakitafuta ugonjwa, kumbe wamechanganya waya wenyewe.

Plagi zikitoka, Odhiambo alizipanga kwenye ubao kwa mfuatano wa silinda zake, akachuchumaa mbele yake akaniambia nizisome. Mimi niliona vyuma vichafu. Taratibu akanifundisha. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, hiyo injini nzima. Ikiwa nyeusi, kavu, ina masizi, kabureta inamwaga petroli nyingi. Ikilowa oili, ringi za pistoni zimechoka. Ikiwa nyeupe kama imeoshwa, inaungua, na usipoangalia itatoboa pistoni. Halafu anaangalia ile ncha ya katikati. Plagi mpya ncha yake ina kona. Iliyochoka imekuwa duara, na ile nafasi ambamo cheche inaruka imepanuka. Cheche ikishindwa kuvuka, injini inamisi, silinda moja inabebwa na wenzake.

Kufunga ndiko alikonitesa. Alinifunga kitambaa machoni, akanipa plagi mkononi, nikaambiwa niizungushe kwa vidole mpaka ikae. Ukihisi inakataa, rudisha, anza tena. Usiipe spana kitu ambacho vidole vimekikataa, kwa sababu utaharibu hesi, zile njia za skrubu ndani ya kichwa cha injini, na kichwa cha injini hatuna kingine. Spana ni ya kumalizia tu, mpaka washa, ile pete ya chini, ibane. Wenzangu walikuwa wakipita wakiniona nimefungwa macho, nimeinama kwenye boneti, wanauliza kama ni mchezo wa kombolela. Sikujali. Hadi leo naweza kufunga plagi gizani, na nikimaliza kuandika haya nitakwenda kumfungia jirani yangu zake, kwa sababu amemwita mtu anayetumia nguvu.

Tatizo la miaka ile ni kwamba plagi mpya zilikuwa adimu. Tunaagiza, tunajibiwa tusubiri. Kwa hiyo tulifufua. Tunachoma masizi, tunapiga brashi ya waya, tunanyoosha ile ncha kwa tupa ndogo hadi ipate kona tena, kisha tunagonga ule mdomo wa pembeni taratibu ili usogee, tukipima kwa fila, vile vibamba vyembamba vya chuma. Plagi moja ilikuwa na maisha matatu, manne. Na Odhiambo alikuwa na sheria yake: tukibahatika kufunga mpya, ile iliyo bora kati ya zile kuukuu haitupwi. Inafungwa kwenye kitambaa, inawekwa kwenye sanduku la vifaa la gari lenyewe, ikae akiba. Dereva asiyekuwa na akiba hakumpa gari, hata aje na nani.

Sasa nifike kwa Mwita. Mwita alikuwa dereva wa Landrova ya afya, kijana wa Kikurya mwenye heshima na mcheshi, aliyelipenda lile gari hadi akalipaka boneti mafuta ya nazi. Alikuwa amemwoa msichana wa Kisaka, kijiji cha ng'ambo ya Mto Mara, jina lake Wankuru. Ng'ombe wa mahari aliwatoa kwa taabu, akikusanya kwa baba zake wadogo, na akampata. Alikuwa akimtaja Wankuru kila safari, na sisi tukimtania kwamba gari linakwenda kwa petroli na Wankuru.

Kwa asiyejua desturi zetu: mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawatazamani, hawaongei, hawapiti njia moja. Si chuki hiyo, ni heshima kubwa kuliko zote. Zamani haikuwa kazi, kwa sababu kila mji ulikuwa kwenye kilima chake. Lakini wakati ule watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara, na aliyepanga ule mstari hakuuliza nani ni mkwe wa nani. Nyumba ya mama yake Wankuru ikaangukia barabarani kabisa. Kila tukipita Kisaka, Mwita alikuwa anavuta kofia hadi puani, na mtu aliyekaa kando yake ndiye anayemwambia kama mbele kuna mbuzi.

Safari ninayoisema ilikuwa ya chanjo. Surua ilikuwa imeingia kijiji kimoja cha mlimani, mbele ya Kisaka, na watoto walikuwa wameanza kufa. Aliyebeba chanjo ni Sista Adelina, muuguzi, Mhaya wa Bukoba, ambaye alilikumbatia sanduku lake la barafu njia nzima kama mtoto mchanga. Barafu ikiyeyuka, alisema, tutakuwa tunawachoma watoto maji. Gari lilikuwa linasumbua, plagi zake zimefufuliwa hadi zimechoka kufufuka, kwa hiyo nikaambiwa niandamane nao.

Karibu na Kisaka tulivuka kijito kwa kasi. Maji yakaruka, feni ikayarusha kwenye injini iliyokuwa imechemka, nami nikasikia ule mlio mdogo ambao fundi hapendi kuusikia. Mbele kidogo injini ikaanza kumisi. Tulipofika mlimani gari likapanda hatua chache, likazima, likarudi nyuma. Tukashuka wote, likapanda tupu, likazima tena. Tukaliacha lishuke lenyewe hadi Kisaka, chini ya nyumba za kwanza.

Nikafungua boneti, Mwita akawasha. Nikachomoa waya moja moja injini ikiunguruma, na ya tatu nilipoichomoa injini haikubadilika hata kidogo. Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Nikaitoa: kaure yake, ule udongo mweupe wa juu, imepasuka kutoka juu hadi chini kwa yale maji baridi, cheche inatokea kwenye ufa, inarukia chuma. Plagi ya namna hiyo haifufuki. Nikamwambia Mwita anipe ya akiba. Mwita hakusogea. Nikafungua sanduku la vifaa mwenyewe, nikakikuta kitambaa, kimekunjwa vizuri kama vile plagi imo, hakina kitu.

Nikamuuliza plagi iko wapi. Akatazama chini, halafu akanielekeza kwa kidevu upande wa zizi lililokuwa nyuma ya nyumba ya mama mkwe wake, bila kutazama huko. Nikasikia kengele ya ng'ombe. Ndipo akanieleza. Mama alikuwa na maksai mkubwa anayeongoza wengine, na kengele yake, ya bati zito, ilikuwa imepoteza ule ulimi wa kugongea. Mwita akamtumia plagi kwa mkono wa Wankuru. Ilitoa mlio mwembamba unaosikika mbali, na mama alifurahi sana, hata kijiji kizima kilijua kwamba maksai wa mama Wankuru amevishwa kitu na mkwe.

Sista Adelina akasema, si tukaichukue tu. Mwita akatikisa kichwa. Nikamwambia mimi nitakwenda, yeye akae. Akanishika mkono wa ovaroli, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Robi, ukienda unakwenda kwa ajili yangu. Nikidai nilichompa mkwe, nimedai na ng'ombe zangu. Nitakuwa nimemwacha Wankuru."

Hakuwa anatia chumvi, na mimi Mkurya nilijua hivyo. Kwetu kitu kilichoingia kwa wakwe kinarudi siku moja tu, siku ndoa inapovunjwa. Ukienda kukidai, hata kiwe kijiti cha moto, umetangaza. Wazee watakaa, mahari itahesabiwa, na binti atarudi kwao mchana kweupe. Sista alinisikiliza nikimfafanulia, akalifunua sanduku kidogo akalifunika haraka. Akasema barafu itadumu hadi jioni, haitafika kesho. Kisha akaanza kukunja kitenge aweke kata kichwani, alibebe kwa miguu, yeye na ile milima, na hajawahi kuipanda. Mwita akaketi nyuma ya kichuguu akaficha uso. Nilimwona mtu anayempenda mke wake na anayewaonea huruma watoto wa wenzake, amekwama katikati. Nilimhurumia sana.

Nikamwambia, mura, kijana wa kwetu, mimi sitadai kitu. Nakwenda kumsalimia mama yako, basi, maana nimepita mlangoni pake.

Nikaenda na Sista. Mama Wankuru alikuwa anapepeta ulezi, mwanamke mrefu, shingo imenyooka. Nikampa shikamoo, akaitikia, akatutolea kigoda na mkeka. Hakuuliza kitu mpaka ungo ulipokuwa mtupu. Hakuwa mjinga, gari lilikuwa limekohoa mlangoni kwake tangu saa zile, na alijua ni la nani. Alisema kwa Kingoreme, lugha ya huko Kisaka, ambacho mimi nakisikia vizuri na nilikuwa nikimtafsiria Sista, akauliza kama kuna mtu amenituma.

"Hajanituma mtu," nikasema. "Amekataa nisije."

Hapo akaacha ungo. Akauliza tumebeba nini kwenye lile sanduku ambalo yule mgeni halitui chini. Nikamwambia dawa ya surua. Akauliza tunaipeleka wapi. Nikamtajia kijiji. Akauliza itawahi? Nikamwambia gari likipona itawahi, lisipopona haitawahi, na nikanyamaza hapo hapo, kwa sababu neno lolote la kuongeza lingekuwa ni kudai.

Kisha akaanza kusema, polepole, bila kututazama, kwamba kabla ya Wankuru aliwahi kuzaa wengine wawili. Surua iliwachukua wote msimu mmoja, wa pili akifa kabla matanga ya wa kwanza hayajaisha. Hapakuwa na barabara wakati huo, wala gari, wala mtu wa kutoka Bukoba na sanduku. Sista alikuwa anataka nimtafsirie, nami nilishindwa. Alielewa tu kwa kuniona.

Mama akasimama akaenda zizini. Maksai alikuwa mkubwa kweli, mwekundu, akamwacha amshike pembe. Alifungua ile kengele mwenyewe, akaukata uzi wa ngozi, plagi ikaangukia kiganjani mwake. Akanipa.

"Sirudishi kitu cha mkwe wangu," akasema. "Wala sikupi wewe. Nimewapa watoto wa huko juu. Usikie, na wenye nyumba hizi wasikie."

Alisema kwa sauti, na majirani walikuwa wameshasimama milangoni, maana kijiji cha mstari hakina siri. Wakasikia. Balozi wa nyumba kumi akasikia. Niliitikia kwamba watoto wameshukuru, nikageuka haraka kwa sababu machozi yalikuwa yananijia, na fundi akilia kabla ya kufunga plagi hafungi vizuri.

Ilikuwa imejaa vumbi na mavi ya ng'ombe. Lakini aliyeifunga alikuwa amefunga uzi kwenye kichwa cha juu, kwa hiyo kilichokuwa kikigonga bati ni chuma cha chini, na kaure ilikuwa nzima. Niliizungusha kwenye jua nikatafuta ufa, sikuuona. Hesi zilikuwa zimebonyea sehemu moja. Nikaziweka sawa kwa tupa. Nikaosha kwa petroli, nikapiga msasa ile ncha, nikaugonga mdomo juu ya jiwe, nikapima kwa fila mara kadhaa mpaka ulipokaa. Nikapuliza tundu la silinda. Nikaiingiza kwa vidole, ikakataa kidogo pale palipobonyea, nikairudisha, nikaanza tena. Ikakubali. Nikamalizia kwa spana, washa ikabana, nikaivika waya wake.

Mwita alitoka kichuguuni akapanda kwa upande wa mbali, kofia puani. Akabonyeza stata. Injini ikashika, silinda zote nne, sauti moja, na watoto wa Kisaka wakapiga makofi. Nilikuwa sijawahi kufurahia mlio wa injini namna ile, na nimesikia nyingi tangu hapo.

Tulipanda mlima kwa gia ya pili. Sista alichanja hadi jua likazama, barafu imebaki vipande vya kuhesabika, akina mama wakimletea watoto migongoni kutoka kila upande. Waliokwisha kuugua hatukuweza kuwasaidia sana, na wengine walikufa baadaye, hilo lazima niliseme. Lakini ugonjwa haukuendelea kushuka chini. Haukufika Kisaka.

Tulilala huko, asubuhi tukarudi. Tulipokaribia ile nyumba nikamwona mama Wankuru amesimama kando ya barabara, ametupa mgongo, shuka limefunika kichwa, akisubiri. Nikamwambia Mwita apunguze mwendo. Akasimamisha gari, akakaza macho mbele kwenye kioo, mikono miwili kwenye usukani. Injini ikabaki inaunguruma.

Bila kugeuka mama akaniuliza kama barafu ilifika. Nikamwambia ilifika, na walioletwa wote wamepata. Akaitikia kwa kichwa chini ya shuka. Kisha akasema, na hakuwa anasema na mimi tena, wala na Sista:

"Gari, umewafikia watoto wa watu. Umefanya kazi ya mwanangu. Nenda salama, na nyumba yako isivunjike."

Mwita hakugeuza shingo. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye kola, wala hakuyafuta, maana angelazimika kuinua mkono na majirani wangeona.

"Gari limesikia," akasema.

Akatia gia, tukaondoka taratibu, na mama, angali ametupa mgongo, akainua mkono mmoja juu.